Panzi wa kunuka, muhogo wangu na jembe la mama jirani

Jogoo wangu anakula kila kitu, siku moja nilimkuta anapigana na kipande cha sabuni. Lakini mwaka juzi mwezi wa pili nilimrushia panzi mmoja mkubwa wa rangi rangi, njano nyeusi chungwa, kama kitenge cha sikukuu, akaruka akamdaka, akadonoa mara moja tu, alafu akatema na kuanza kufuta mdomo kwa udongo huku na huku kama mtu aliyelamba pilipili. Panzi akabaki pale na mguu mmoja umekatika, akaanza kutembea polepole kurudi kwa muhogo wangu. Kutembea, si kukimbia. Hapo ndio nilijua nina shida.

Mimi niko Bweyale, Kiryandongo, barabara ya Gulu kabla hujafika Karuma. Kwa wale hawapajui, hapa kila mtu ametoka mahali, kuna Waalur, Walugbara, Waacholi, Wanyoro wenyewe, Wakenya waliokuja baada ya ile fujo ya uchaguzi wao, Wasudani wa kambi, Wakongo, kwa hiyo Kiswahili chetu nacho ni mchanganyiko, mtanivumilia. Nina eka moja na nusu ya muhogo, aina inaitwa NASE 14, nilipanda hiyo kwa sababu ya batobato, ule ugonjwa unaokunja majani na kuyatia mabaka, na ule mwingine unaoozesha mizizi, na kweli upande wa magonjwa haijaniangusha. Nikafikiri nimemaliza. Sikufikiria mdudu.

Sasa ukisema panzi kwa mtu wa Kampala mate yanamtoka, anafikiria nsenene, wale wa kukaanga na kula. Hapana bana. Nsenene ni mwingine kabisa, yule ana antena ndefu nyembamba kuzidi mwili wake, anaruka usiku anafuata taa, ndio maana ukipita Masaka mwezi wa kumi na moja unaona zile taa kali na mabati yamesimamishwa na mapipa chini, na Waganda mwezi wenyewe wanauita Musenene. (Kuna hadi ukoo wa Nsenene, na wenyewe hawamli, mimi ningezaliwa huko ningelia.) Huyu wa kwangu antena zake ni fupi na nene, mabawa kwa wengi wao ni mafupi hayafiki hata mwisho wa tumbo, hawezi kuruka kwenda mbali, ukimshika anatoa maji yenye harufu mbaya mkono unanuka mpaka jioni. Sisi tunamwita tu panzi wa kunuka. Kwa sayansi ni Zonocerus variegatus, na ukitafuta habari zake utakuta nyingi zimetoka Nigeria na nchi za huko magharibi ambako amesumbua muhogo miaka na miaka.

Na si nzige pia. Wakati nzige wa jangwani walipoingia Karamoja kupitia Amudat, Februari 2020, ile wanajeshi walipewa mabomba ya kupuliza, watu huku walishtuka kila panzi wakasema ni nzige. Nzige anakuja na upepo kutoka nchi nyingine, leo yuko kesho hayuko, hiyo ni kazi ya serikali. Huyu wa kunuka hajatoka popote. Amezaliwa hapo hapo kwako au kwa jirani, na atazaa hapo hapo. Nilichelewa sana kuelewa hiyo, niliishi naye kama mgeni ambaye nikimpiga vizuri ataondoka.

Wacha nieleze nilivyofanya ujinga, kwa mpangilio.

Desemba mvua ilipokata niliona kwa mpaka wa shamba, kwa vichaka vile, vitu vidogo vyeusi vimerundikana juu ya majani kama mtu amemwaga ufuta. Ukiangalia karibu ni tunutu, vitoto vya panzi, weusi na vidoti vya njano. Mamia kwa kichaka kimoja. Ukipitisha mkono wanaruka kidogo alafu wanarudi kukusanyika. Nikaangalia nikaendelea na safari yangu. Vidogo hivyo vitafanya nini, na vinakula magugu, si ni msaada hata? Hivyo ndio nilifikiri, nawaambia ukweli.

Januari wakawa wakubwa kidogo, bado kwa magugu. Nikasema sasa nitawaondolea nyumba. Nikachukua slasha nikafyeka mpaka wote, siku mbili, kazi safi hadi watu wakanisifu njiani. Siku ya tatu asubuhi nikaenda shambani nikawakuta wote wako kwa muhogo. Wote! Yaani nilichukua sahani yao nikaitupa, wakahamia kwa sahani yangu.

Baadaye nilikuja kusoma kwa nini walikuwa hawajauingilia muhogo mapema na hii kitu ilinifurahisha sana hata kama nimeumia. Muhogo una sumu yake, ile inayotufanya tuloweke na kuanika, na jani bichi likiumwa ile sumu inatoka, tunutu anauma kidogo anaacha. Hapendi. Lakini jani likinyauka anakula vizuri tu. Sasa wakiwa wachache muhogo unajitetea, wakiwa wengi na njaa mmoja anauma anaacha, wa pili anauma anaacha, wa hamsini anauma anaacha, jani limeshajeruhiwa kila mahali linaanza kunyauka, na likinyauka wanarudi kula. Na mimi nilikuwa nimeshawaletea njaa na wingi kwa siku moja, kwa slasha yangu mwenyewe.

Wakimaliza majani wanaenda kwa ganda la shina lile changa, wanalichuna mpaka unaona mti mweupe ndani kama mfupa. Hii watu wengi hawaihesabu. Majani yatarudi mvua ikinyesha, japo mizizi itakuwa midogo kwa sababu mti umetumia akiba kutoa majani mapya, lakini shina likichunwa umepoteza pia vijiti vya kupandia msimu unaofuata. Mimi nilikuwa nimeshaahidi watu wawili mbegu, mmoja alikuwa ametoa hadi pesa kidogo. Aibu.

Februari sasa ndio dawa. Nikaenda kwa duka moja la dawa za kilimo, silitaji, nikaeleza shida, kijana akanipa chupa mbili, elfu thelathini na kitu, akasema changanya vifuniko viwili kwa pampu moja ya lita ishirini. Nikapiga dawa saa tano mchana, jua kali, shati la mikono mifupi, bila kitu usoni. Najua, najua. Panzi wakubwa kwa jua la mchana wamechangamka wametawanyika shamba nzima, unapuliza huku wao wako kule. Wengine walianguka, wengi wakatembea. Kesho yake idadi ni ile ile. Kama dawa ilikuwa feki au imepitwa na wakati siwezi kuapa, karatasi ya chupa ilikuwa imefutika nusu, hiyo peke yake ilitosha kunirudisha nyumbani na sikurudi.

Lakini kilichonitisha sio hasara. Jioni ile nimekaa nje nawaona watoto wa jirani wanapita na mafungu ya sombe mkononi. Majani ya muhogo. Nikauliza mmetoa wapi, wakaonyesha kwangu. Nilikimbia bana, nilikimbia mpaka kwa mama yao nikakuta sufuria bado haijawekwa motoni, nikaomba msamaha nikayatupa yote kwa choo, nikampa pesa akanunue mboga nyingine. Tangu siku hiyo muhogo ambao watu wanachuma sombe sipulizii kitu bila kumwambia kila mtu anayepita hapo, na shamba letu linapitwa na nusu ya kijiji.

Huyo mama ndio sasa alinifundisha. Ni mama wa Kialur, umri wa mama yangu, alinisikiliza nikilalamika juu ya panzi na dawa na pesa alafu akaniambia, "Mwanangu, wewe unapigana na wazee. Hao wanakufa wenyewe. Ngoja mvua, nitakuonyesha wanapolala uzazi."

Nikamwambia sawa mama, lakini moyoni nikasema huyu naye.

Mvua ya kwanza ikanyesha, mwisho wa mwezi wa tatu. Siku moja akanituma mtoto, njoo na jembe. Nikamkuta chini ya kichaka kizito cha lantana karibu na mwembe wake, mahali pa kivuli, udongo laini haujalimwa. Panzi walikuwa pale kama watu kwa mnada. Dume juu ya jike, wengine wanatembea tu, na majike wengine wamezamisha tumbo ndani ya udongo limerefuka kama mpira, wametulia, hata ukimgusa haondoki. Nikauliza mbona hawako huko kwengine kote, kivuli si kiko kila mahali? Akasema wao wanaitana. Na ndivyo ilivyo, majike wanakusanyika kutaga pamoja, mahali padogo tu, na mita kumi kutoka hapo hupati hata mmoja.

Akachimba pigo moja tu, si kwa kina, inchi mbili tatu. Udongo ukageuka na ndani yake vikatokea vifuko, kama kidole kidogo cha mtoto, vimetengenezwa kwa povu ambalo panzi anatoa wakati wa kutaga alafu linakauka linakuwa kama sponji. Ukivunja ndani mayai yamepangwa, rangi ya njano inaenda kwa chungwa, kama punje za mchele. Kifuko kimoja kinaweza kuwa na mayai hamsini, mengine yanakaribia mia. Nikahesabu vifuko kwa udongo wa karai moja, arobaini na moja. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilikaa chini.

Na hapo ndio akili ilifunguka. Hayo mayai yanakaa ardhini miezi sita, saba hivi. Unapanda mahindi ya msimu wa kwanza, unavuna, unapanda ya pili, unavuna, na muda huo wote wao wako pale pale hawaendi popote, hawaumi, hawaruki, hawanuki. Nusu ya mwaka adui yako amelala kwa godoro na anwani yake unaijua. Sisi tunasubiri aamke, avue ngozi mara sita mpaka awe mkubwa mwenye rangi na sumu yake, ndio tunanunua dawa.

Kwa hiyo kazi ni hii: wakati wa kutaga unatembea jioni unaangalia wamekusanyika wapi, unapiga kijiti chini na kufunga kitambaa ili usisahau, kwa sababu wakishakufa juu hakuna alama yoyote, majani yanaota unapita juu yake bila kujua. Wakimaliza kutaga, unakuja na jembe unafukua eneo lote, unageuza udongo, vifuko vinabaki juu juani. Jua linakausha, siafu wanabeba, na vile vilivyobaki nzima tulikusanya tukachoma. Usifukue mapema sana wakiwa bado wanataga, watahamia pembeni na utaanza kutafuta upya, hiyo tulijifunza kwa lile la pili.

Baadaye nikakuta kwamba watafiti huko kusini mwa Nigeria miaka ya 1970 walisema kitu hicho hicho, fukueni mayai, na kijiji kizima kwa pamoja, kwa sababu ukisafisha kwako peke yako tunutu wa jirani watakuja kwa miguu. Na wakakuta wakulima wengi walikuwa wanajua tayari mayai yako wapi. Nilimsomea mama jirani hiyo sehemu, akacheka tu, akauliza walilipwa?

Kuwakusanya watu ndio ilikuwa ngumu kuliko jembe. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, alinipa dakika tano kwa mkutano wa kijiji kati ya mambo ya kisima na mambo ya ng'ombe wanaokula mimea ya watu. Kaya nane zikakubali. Wengine walisema huo ni ushamba, serikali ilete dawa. Mzee mmoja akasema panzi ni wa Mungu, sikubishana naye. Tulipata sehemu kumi na tatu, karibu zote chini ya vichaka vya mpaka, moja nyuma ya choo cha kanisa, na tukazifukua kwa Jumamosi mbili, na watoto walifanya kazi kuliko sisi, tuliwapa mandazi.

Desemba iliyofuata nilitembea mpaka wangu kila asubuhi. Walikuwepo, sitawadanganya kwamba waliisha. Lakini badala ya kila kichaka ilikuwa vichaka vitatu vinne. Na hapo kuna jambo la pili ambalo linasaidia: tunutu wadogo usiku wanapanda juu ya mimea wanalala wamebanana, na alfajiri kabla jua halijawapasha moto hawana nguvu, ni kama wamelewa. Unaenda saa kumi na mbili na ndoo yenye maji na sabuni ya unga, unashika tawi unalipiga ndani ya ndoo, basi. Kichaka kizima kwa dakika. Hiyo inafaa wiki za kwanza tu, wakiwa weusi wadogo na bado wanapendana, wakikua wanatawanyika na ndoo haitoshi. Na kama lazima upige dawa, piga saa hiyo hiyo, kwa hivyo vichaka tu walivyolala, si shamba zima, chupa moja itakumalizia msimu na sombe ya watu inabaki salama. Na ule mpaka wa shamba sikuufyeka tena wakiwepo. Nafyeka wakiwa bado mayai.

Nilijaribu mwarobaini pia, nilitwanga mbegu nikaloweka usiku nikachuja nikapuliza. Hauwaui, unawafanya wasipende kula, nao ni kazi, na mvua moja inaosha yote. Kwa bustani ya mboga ya mama nyumbani sawa, kwa eka moja na nusu mimi sina hizo nguvu.

Kuna ile dawa iliyotengenezwa kwa kuvu ambayo ningeipenda sana, spora zake, yaani mbegu za kuvu, zinachanganywa na mafuta, zikimgusa panzi zinaota na kupenya ngozi zinamla ndani, anakufa baada ya wiki moja mbili, na haidhuru kuku wala nyuki wala mtu. Inaitwa Metarhizium, ilitengenezwa kwa ajili ya nzige na panzi huko Afrika Magharibi miaka ya 1990 na ikauzwa kwa jina Green Muscle. Kwa maduka ya hapa Bweyale sijaiona, ukiuliza wanakupa ile ile ya vifuniko viwili.

Ila kuvu ya bure ipo, nyingine. Ukiona wakati wa mvua panzi amekufa akiwa ameshikilia ncha ya jani kwa miguu yote, kichwa juu, kama amepanda kuomba, huyo ni mgonjwa, kuvu imempandisha huko ili ikimwaga mbegu zake ziangukie wenzake walio chini. Mwache hapo hapo. Mimi naenda hatua zaidi, nawachukua na fimbo nawapeleka kwa kichaka chenye wengine. Mke wangu anasema nimeanza kuzeeka.

Na yule mdudu mweusi mwenye mikanda myekundu au njano anayekula maua ya maharage, yule anayekutoa malengelenge ukimsugua kwa ngozi, mtoto wake akiwa bado funza chini ya udongo chakula chake ni mayai ya panzi. Sijui nimfanye nini. Mama jirani ana maharage na anamchukia kwa moyo wote, mimi nina muhogo, tumekubaliana kila mtu aamue kwake.

Mwaka huu wametaga tena, wachache, tumeshafukua sehemu tano. Ya sita tumeipata juzi, kubwa kuliko zote, chini ya lantana kwa kiwanja cha mtu anayeishi Kampala, kimezungushiwa seng'enge na geti lina kufuli. Tunaona mahali vijiti vyetu vingesimama, tunaona hadi udongo ulivyovimba. Nimempigia mara tatu, anasema atakuja Krismasi. Krismasi watakuwa wameshatoka. Jana mama jirani amepita na jembe lake, akasimama pale kwa seng'enge akaangalia urefu wake, alafu akaniuliza kama watoto wangu wako likizo.